Mwiko

Mtaro uko upande wa ndani.
Hilo ndilo la kwanza Thirza alilotuonyesha,
buti zake zikinyonywa na tope la Machi:
ngome huchimba handaki nje, kumzuia ajaye;
hapa handaki liko ndani,
kwa hiyo anayezuiwa ni yule akaaye.

Juu ya tuta palikuwa na ua wa mbao za mwaloni,
zimepasuliwa kwa kabari, si kwa msumeno,
maili tatu na robo kuuzunguka msitu wa Oxenholt.
Mahali pamoja, kusini, ua uliachwa mfupi kwa makusudi:
ayala wa porini aliruka, akatua shimoni,
akainua kichwa, akakuta ukuta wa udongo.
Kuingia harusi. Kutoka, matanga.

Sasa ni malisho. Bwana Tuffley ana kondoo mia mbili
na trekta ambalo usukani wake humvuta kushoto
kila akivuka pale, wala hajui kwa nini.
Ndege ilipita ikamulika ardhi kwa miale,
na duara likatokea zima kwenye picha,
kama alama ya kikombe juu ya meza
ya mtu aliyeondoka zamani.

Sisi tulichimba nje ya ua,
hatua themanini kutoka lango, palipokuwa na kibanda.
Jina la mwenyewe tunalo. Limo katika hati ya baraza,
ngozi ya kondoo, Kilatini cha karani mwenye haraka:
Wymark, mjane wa Hamo mchoma mkaa,
alishukiwa nyama ya kabaila.
Walipekua. Hawakuona kitu.
Akatozwa peni sita
kwa sababu ya harufu.

Ulikuwa mwaka wa mvua isiyokoma,
shayiri ikaotea kwenye masuke, ikaoza.
Ndani ya ua ayala walinenepa.
Siku ya windo kila kiungo kilikuwa na mwenyewe:
bega la kushoto la mchunaji,
la kulia la mlinzi wa ua,
mapaja ya meza ya juu, yenye divai na ndimi nyingi,
na kijifupa cha nyonga kilirushwa mtini kwa kunguru.
Hata kunguru alikuwa na fungu lake.

Neno ni moja.
Mwiko ni kile usichothubutu kukigusa.
Mwiko ni kile kilichokoroga chungu usiku, mlango umekomewa.
Mwiko ni kile Thirza alichoshika,
chuma chembamba, mpini umeng'aa kwa kiganja chake,
alipoinua jiwe la tatu la meko
akanyamaza.

Paja. La nyuma, la kushoto.
Limevunjwa kutolewa uboho, limechemshwa hadi kuwa jeupe,
limezikwa pale ambapo majivu hayaulizwi.
Na kwenye ncha ya mfupa, vishimo viwili viwili,
alama za meno. Si za mbwa.
Madogo, yenye pengo mbele:
miaka sita, tuseme, au saba.
Hati haikutaja mtoto.

Siku za mwizi ni arobaini, walihesabu wahenga.
Huyu alipewa miaka mia saba,
na tulipomkamata
hatukuwa na uhakika tumemkamata nani.
Maana kabla ya ua, nguruwe wa kijiji
walikula mbegu za mialoni mle mle,
na kuni ziliokotwa na kila mwenye mgongo.
Nani aliandika hati ya siku ile
mbao ya kwanza ilipochomekwa?

Kwenye mfuko Thirza aliandika namba, tabaka, mnyama.
Palipoachwa nafasi ya maelezo
alishika kalamu muda mrefu, kisha akaifunika.

Jioni Tuffley alikuja na mbwa wake, akachungulia shimo.
"Mmepata dhahabu?"

"Chakula cha usiku," Thirza alisema,
akaanza kurudisha udongo.